Kidole Hakisomeki

Mashine ilifika Newala Jumatatu, ndani ya boksi,
imezungushiwa sponji kama yai.
Nikaigongomea ukutani, pembeni ya lango, kimo cha kifua,
pale lilipokuwa likining'inia daftari
na kalamu iliyofungwa uzi isiibiwe.
Meneja akasema: sasa ujanja basi.
Aliyegusa kaingia. Aliyegusa atalipwa.
Na huko wanakotafunia korosho zetu kwa bia
mtu ataielekeza simu kwenye pakiti,
aione siku, azione kilo,
aone kwamba hapa tunatenda haki.

Ukungu ulikuwa bado umejaa Shimo la Mungu.
Walinzi wakagusa: kijani.
Dereva wa lori: kijani.
Wapishi, wafagizi, vijana wa bohari, kijani, kijani,
mashine ikilia ti! kama kifaranga aliyeshiba.

Kisha wakaja wa meza ya kubangua.

Somoe Mchopa akaweka kidole gumba. Nyekundu.
Akakifuta kwenye kanga, akakitemea mate, akarudia. Nyekundu.
Cha shahada, cha kati, cha pete,
akahamia mkono wa pili
kama mtu anayehesabu madeni.
*Kidole hakisomeki.*
"Miaka kumi na tisa napita hapa," akasema,
"leo ndiyo lango linaniuliza mimi nani?"

Nikamwomba nione.
Ngozi laini, nyeusi ya masizi, inang'aa.
Ile mistari mtu anayozaliwa nayo,
midogo, inayojizungusha kama gamba la konokono,
haikuwapo.
Mafuta ya maganda yameilamba,
ganda baada ya ganda, msimu baada ya msimu,
wala hayakuacha risiti.

Meneja akasema hao tuwaandike kwa mkono, kwa muda.
Akasema pia ripoti ya mwaka ifunguliwe na picha ya Somoe akicheka.
Picha ikapigwa. Ikakatwa kifuani,
eti chini mwanga haukukaa vizuri.

Lakini mashine haikufundwa kunyamaza.
Kila nyekundu iliitunza na saa yake na dakika yake,
na Ijumaa usiku, nilipofungua kompyuta nitume hesabu za wiki,
ikazimwaga zote kwenye fomu ya wanunuzi,
kisanduku cha chini kabisa, ambacho hakuna aliyewahi kukijaza:
*Hitilafu: mia sita na kumi na mbili.
Watu: arobaini na mmoja.
Meza: moja.
Sababu:*
na kimshale kikipepesa, kinanisubiri mimi.

Ningeandika vumbi.
Ningeandika umeme, na Newala hii nani angebisha?

Nikamkumbuka bibi yangu, naye alikuwa mbanguaji.
Nilipougua hakunigusa paji la uso kwa kiganja.
Aliinama akanilaza shavu lake.
Nilidhani ni mapenzi.
Yalikuwa mapenzi; ila viganja vyake
vilikuwa vimeacha kutambua moto.

Nikaandika: *Mikono imeungua. Glavu hazitoshi,
zilizopo zimetoboka tangu Ramadhani.*
Nikabonyeza tuma.
Duara likazunguka, likazunguka.
Nikapanda juu ya meza, nikainua modemu hadi darini
nikasimama hivyo, mkono juu, kama mwanafunzi anayejua jibu.
Ikaenda.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hivi vilikuwa mia nne na kumi.

Jumatatu meneja hakuniitikia salamu.
Wiki tatu baadaye lori likashusha maboksi mawili ya glavu,
zote saizi ya wanaume.
Kuhusu fidia, kuhusu daktari, sijasikia kitu,
na fomu ya mwezi huu imekuja bila kile kisanduku.
Nimeandika pembeni.

Somoe akazivaa, ncha zikining'inia tupu kama matiti ya mbuzi mzee.
Kabla ya kuingia akaivua moja, akagusa mashine kwa mazoea.
Nyekundu.
Nikaanza kuomba radhi.
"Iache," akasema,
"bado iko chekechea."