Jongeeni

Waliniuliza siku ya hitma ya mama,
sinia la kwanza halijatoka jikoni:
"Batuli, miaka sita yote, wasoma nini huko?"
Nikasema, chembe. Wakangoja.
Nikasema, chembe ndogo sana,
panga mia mbili ndipo upate unene wa unywele,
zinazokaa pale maji yanapokoma na mafuta yanapoanza.
Shangazi Mwanaharusi akatikisa kichwa kwa adabu,
kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichokinunua.

Nikamfuata jikoni. Kifumbu ki mkononi mwake,
kasimile ladondoka bakulini.
Hili hapa, nikamwambia. Tazama.
Mafuta na maji havipatani, mtoto wa chuoni anajua,
lakini humu vimelala kitanda kimoja
kwa kuwa kila tone la mafuta limevishwa:
vijidude vimelizunguka, vimeshika ukingo,
havimo majini, havimo mafutani,
na hapo vilipo havibanduki.
"Na tui likikatika?"
Basi vazi limepasuka,
matone yamekutana uchi.
"Hayo," akasema, "nayajua tangu sijavunja ungo.
Koroga. Usiwache."

Sikupata kumwambia kwamba zangu
si ngumu. Chembe ngumu hukaa mpakani kama kokoto,
nusu huku, nusu kule, na umbo lake ni lile lile.
Zangu ni nyuzi zilizofumana zikanywa maji zikavimba,
kama tambi zilizosahauliwa mchuzini.
Ikiufikia mpaka, hujiachia,
ikatandaa kama yai lililopasuliwa kikaangoni:
kiini katikati, ute kandokando,
pana kuliko ilivyokuwa peke yake majini.
Nilizimwaga juu ya beseni, nikazisukuma
kwa vipingo viwili, milimita kwa milimita, usiku,
katika mji ambao mvua yake haina harufu.
Mwanzo zinaachana. Kisha ute wagusa ute.
Zinavumilia. Vipingo vinasogea.
Halafu ghafla, mahali fulani, sijui kwa nini hapo,
mbili zinaangukiana, kiini kwa kiini,
na jirani zao bado wameachana kwa heshima.
Nimeandika kurasa arobaini juu ya hilo "ghafla".

Niliporudi chumbani mikeka imejaa.
Mabuibui yametanda, kila mwanamke
na duara lake jeusi, magoti katikati.
Akaingia Mama Shufaa wa Matondoni na wajukuu wawili.
"Jongeeni."
Pindo likapanda juu ya pindo.
Wakaja wa Shela, wanne, mchanga ungali miguuni.
"Jongeeni, jongeeni kidogo."
Hakuna aliyetoka. Chumba hakikuongezeka hata inchi.
Mapaja yakapata sura mpya,
mabega yakakaa upande,
mtoto akahamia mapajani mwa mtu asiyemjua
akalala papo hapo.
Nami nimesimama mlangoni, viatu mkononi,
kisigino kwenye saruji baridi, vidole kwenye mkeka,
nahesabu, Mungu anisamehe,
nangoja kuona itakuwa wapi.

Bi Zena, ambaye hakusemezana na mama miaka tisa
kwa ajili ya ukuta wa choo,
aliniangalia. Hakusema jongeeni.
Alikunja goti lake moja, akalikalia.
"Ndoo," akasema.

Nikaangukia hapo. Ubavu wake moto,
buibui lake lanuka udi na vitunguu,
mfupa wa nyonga yake kwenye mfupa wa yangu.
Yasini ikaanza. Mahali fulani katikati ya aya
nililia, na hapakuwa na nafasi ya kuinua mkono
nifute uso; akaufuta yeye, kwa ukaya wake,
bila kuacha kusoma.

Ndipo shangazi akaita kutoka jikoni,
"Nani nimemwachia tui?"

Ni mimi.
Nikajaribu kuinuka.
Haikuwezekana.