Hamsini

Unaanzia chini ya sauti ya Mwalimu Asajile,
chini kabisa, ambako spika ndogo hazifiki:
mmmmm,
kama mtu aliyekubali jambo jana
na hajaacha kulikubali.

Mwalimu anasoma Jiografia ya darasa la sita
kwa ajili ya watoto wasioona.
Sura ya kwanza imeharibika. Ya pili imeharibika.
Kwenye skrini kilima kimoja kimesimama penye hamsini,
chembamba, kirefu, hakitikisiki,
na kila fundi anajua hamsini ni namba ya nani.
Ni ya umeme. Ni ya Tanesco.

Basi nikaanza kuzima.
Friji kwanza; nyama ya Jumapili ikatoa machozi.
Chaja. Taa ya korido, ile inayopepesa.
Nikabadili waya, nikageuza plagi,
nikafukia waya wa ethi, nikaumwagia maji ya chumvi
kama walivyonielekeza Mwanjelwa.
Mmmmm.

Nikavuka ua kwenda kwa Mama Tumpe,
mwenye mashine ya kuangulia vifaranga, mayai mia na ishirini.
"Nizime? Kwa dakika ngapi?"
"Tano."
Akayafunika mayai kwa kitenge,
akasimama anahesabu kwa Kinyakyusa, kwa sauti,
ili nisijisahau.
Mmmmm.

Nikashuku malori ya Tunduma.
Saa nane za usiku nilikaa dirishani na daftari:
lori likipita, alama; mvumo ukipanda, alama.
Alama hazikuoana.
Nikashuku treni ya Tazara, lakini treni ile
haijawahi kuwahi kiasi hicho.
Nikashuku masikio yangu.
Lugano, aliyekosa usingizi kwa ajili yangu, akasema:
"Anayevuma humu ndani ni wewe."

Alhamisi, saa moja jioni, umeme ukakatika.
Isanga yote ikawa giza mpaka miguuni mwa Loleza.
Watu wakaguna; mimi nikapiga makofi.
Nikachukua kinasa cha betri, nikavaa hedifoni, nikabana pumzi.

Mmmmm.

Hapo niliogopa kidogo.
Hamsini isiyonunuliwa luku.

Nikafanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza:
nikavua vifaa vyote, nikaenda ukutani na sikio langu tupu.
Nikaondoa trei za mayai, godoro kuukuu, blanketi la kijivu.
Ukuta wa mashariki, kimya. Wa kaskazini, kimya.
Wa magharibi ukanitekenya jino.

Nje, baridi ya Julai ilikuwa na meno yake.
Tochi ikapanda taratibu:
bomba la chuma, alilolifunga marehemu baba kwa skrubu nne
mwaka ule alipotaka kuonja televisheni ya Zambia.
Antena ilishaanguka zamani, tukaiuza kwa wa vyuma chakavu.
Bomba likabaki, chini limezibwa kwa zege, juu mdomo wazi,
na upepo wa mlimani unalipuliza
kama mtoto na chupa ya soda.
Nikalishika. Lilikuwa linatetemeka
kama koo la paka aliyeshiba.

Nikapima: mita moja na sentimita sabini.
Nikapiga hesabu kwenye simu, pale pale kwenye ngazi.
Hamsini.
Nikacheka peke yangu mpaka mbwa wa Mama Tumpe akanibwekea.

Nililiziba kwa gunzi la hindi.
Lugano akauliza kwa nini nisiling'oe kabisa.
Nikasema skrubu zimeshika kutu.

Asubuhi Mwalimu akaja na sweta lake na kikohozi chake.
Sura ya tatu.
"Upepo," akasoma, "ni hewa iliyo katika mwendo."
Akanyamaza, akafunua ukurasa.
Nikasikia karatasi. Nikasikia mate yakimezwa.
Na chini yake, chini kabisa,
hamna.

Nikamwomba arudie.
Akauliza amekosea wapi.
Sikumwambia kitu; nikamwonyesha kidole tu:
tena.