Maandishi ya Chini

Waliposoma sababu za majaji
katika ukumbi ule wa Kampala, baridi ya viyoyozi shingoni,
walisoma sentensi yangu.
Wakasema ni ya Mbambu.

"Ziwa hili limetula miguu,
likatusomeshea wana."
Watu wakasimama. Makofi kama mvua juu ya mabati.
Mbambu naye akapiga, maana wote walipiga,
viganja vyake vikavu, vimepasuka,
vikitoa mlio wa ubao.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.
Siku nane Katwe, daftari na betri begani,
Atuhaire na kamera yake, maji ya chumvi yakimfika magotini,
akikifuata chelezo cha Mbambu
tangu alfajiri.
Siku ya nane Mbambu aligeuka,
akaitazama kamera usoni, na kwa Kikonzo akasema:
"Zimeni hicho kidude. Mmeniziba njia,
na lori la Bwera haliningojei."

Usiku, chumbani, umeme ukikatika na kurudi,
nilisikiliza sauti yake mara sita.
Uchovu uliyapita maneno.
Basi nikaandika uchovu.
Nikaupa miguu, nikaupa na watoto.
Atuhaire alisoma, akanyamaza kidogo.
"Hivyo ndivyo alivyosema?"
Nikasema ndiyo.

Sasa mezani Mbambu ananivuta mkono:
"Wameshangilia nini?"
Nikamtafsiria. Safari hii
sikupunguza wala kuongeza.
Akatafuna nyama yake taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji.
"Ni kweli," akasema. "Lakini si mimi."

Jukwaani Atuhaire aliinua tuzo, kioo kizito
kilichochongwa maneno: *kwa filamu iliyosimama na watu*.
Akalia. Alilia kwa haki, yule hakudanganya mtu.
Akatutaja mmoja mmoja.
Jina langu lilipofika nilitazama viatu.

Mbambu akavuta kichupa cha chumvi,
akamimina kidogo kiganjani, akaramba.
"Hii nayo si yetu."
Akakirudisha mahali pake, akakipangusa kwa kitambaa.

Ndipo nikakumbuka kumwuliza,
mwaka mmoja na nusu umekwisha kupita:
"Na lori je, siku ile?"

"Liliniacha."