Jina Moja

Miaka ishirini na mbili, benchi la tatu,
nimeitikia "Amina" kama anayelipa deni la dukani.
Jumamosi hii, darasani usharikani, Machame,
mwinjilisti Elirehema hakuhubiri.
Aligawa kalamu: "Andika jina moja.
Mtu uliyemlea katika imani."

Kalamu yangu ikakauka.

Nje masika yalipiga bati.
Nikamkumbuka Ndeanasia, jirani,
niliyempa chipukizi la mgomba mwaka jana,
nikamwonyesha shimo, samadi, kina,
nikarudi kila wiki kutazama jani.
Juzi naye kampa wifi yake.

Ya migomba niliyajua.

Jioni nikabisha hodi, Biblia ndani ya kikapu,
chupa ya chai ya tangawizi mkononi.
"Mwaka jana sikumaliza," nikamwambia.
Akavuta kigoda.