Ni Kweli, Si Kweli

Wakili Syombua, hufika kabla askari wa lango hajamaliza chai.
Nakuona dirishani, hapa korti ya Makadara,
raba miguuni, viatu vya kisigino mfukoni,
umeinama kwenye wavu wa seli
unanong'ona na watu usiowajua.
Ninajua unachowaambia:
usiseme ni kweli
ili tu urudi nyumbani.

Mimi ni karani. Miaka ishirini na mbili
nasoma mashtaka, nayageuza Kiswahili,
nikichoka nayafupisha.
Wewe hunijui ila kwa "Umeamkaje, mzee,"
na jalada unaloliomba kwa adabu
hata likiwa limepotea.

Kantini wanasema ulizaliwa Kaloleni,
mama akishona sare za shule,
karo ya chuo ikatoka kola kwa kola.
Wanasema ofisi yako iko River Road,
juu ya fundi wa saa, ngazi haina taa,
na mteja wako wa kwanza alikulipa jogoo
akakutoroka Barabara ya Jogoo.
Hapo hucheka.
La kaka yako hawalijui.

Nalijua mimi. Jumatatu, betri ya gari.
Mutinda, miaka kumi na minane na wiki moja,
shati limechanika begani.
Polisi walimwambia: kubali, utafagia uwanja siku mbili.
Wewe ulikuwa benchi la nyuma,
soksi moja juu, moja chini.
Nilikuwa na njaa, nikasoma mbio.
Akasema, Ni kweli.
Nikaandika.
Herufi saba, miaka mitatu.

Leo ni kijana wa Maringo, nyaya za stima.
Ukasimama. "Mheshimiwa, naomba mashtaka yasomwe tena,
polepole, kwa lugha anayoielewa."
Hukunitazama. Au ulinitazama kidogo.
Nikasoma neno kwa neno, mate yakinikauka.
Kijana akanyamaza. Akafikiri,
jambo ambalo kizimba kile hakijazoea,
akasema, Si kweli.

Huenda ni mwizi. Mimi sijui,
na wewe, nadhani, hukumuuliza.

Ulipokuwa ukifunga kamba za raba
nilikuja na daftari mkononi.
Nilitaka kukuuliza Mutinda yu hali gani.
Nikakuuliza kama tarehe kumi na nne itakufaa.
"Itanifaa, mzee," ukasema,
ukangoja kidogo,
kama mtu anayejua kuna swali jingine.