Kiberiti cha Chilumba

Kitangari, mwezi wa saba, mikorosho imechanua.
Nilikuwa nafundisha: moshi kidogo, sega moja liache,
nyuki naye ana watoto.
Chilumba akaninyooshea kiberiti.
Ndani hamna njiti. Nyuki kumi na tisa, wakavu.
"Mwalimu, hawa wamekufa na nini?"
Nikasema Mungu ndiye ajuaye,
na jibu hilo likaniuma kuliko mwiba wao.

Ndiyo maana leo, na miaka yangu arobaini na tatu,
naitwa Mama darasani,
jicho kwenye hadubini,
nahesabu vinyweleo vya mguu mmoja:
chavua, chavua, chavua,
punje ya salfa.

Chilumba, nakuja na jibu.
Siku ile upepo ulitoka kusini,
na kusini kwako
ni shamba langu.