Tundu la Ziada

Biti za nusu mili, pale Gerezani,
huuzwa kumi kumi ndani ya kichupa.
Mimi hununua vichupa viwili, maana najijua:
nane zitafanya kazi,
kumi na mbili zitakatika
kwa sauti ndogo, kama unywele unaong'oka.

Ubao ni mninga, nimeupiga randa
hadi ukikaribia kuonyesha kivuli cha kidole.
Juu yake karatasi, nimeibandika kwa uji wa ngano:
maua ya asumini, majani yake,
na kijishina kinachojikunja kama mkia wa kinyonga.
Ni nakshi ya kupitisha hewa juu ya mlango
wa Bi Mwamvua Pazi wa Temeke,
aliyeniuliza, mkono ukiwa bado ndani ya pochi,
"Mbona bei kubwa, na mwenyewe wasema ni matundu tu?"

Ni matundu tu, mama.
Mia mbili na kumi na nne, nimeyatia alama kwa penseli.
Msumeno wangu ni uzi wa chuma,
hauingii kwa hodi.
Kila petali linadai mlango wake
na mlango wenyewe hautaonekana:
utadondoka pamoja na kipande kinachodondoka,
utafagiliwa jioni na vumbi la rangi ya mdalasini.
Wanasema bandu bandu huisha gogo.
Hapa Keko gogo huisha,
na kilichobanduliwa ndicho alicholipia mteja.

Fundi Ligombi hakunifundisha mengi.
Weka kibao kibovu chini, Zamoyoni, mzuri usitoke meno mgongoni.
Chomoa mara kwa mara, biti ivute pumzi.
Usisukume. Unasukuma nini? Una ugomvi nayo?
Na mti ukianza kunuka, umeshachelewa.

Kwa hiyo naushusha mkono wa keekee
kama mtu anayemtia mtoto dawa ya macho.
Unga unapanda, unajenga kichuguu
cha ukubwa wa punje ya mtama.
Napuliza.
Tundu.
Jirani anapigilia kochi misumari,
kijana wa ng'ambo ya mtaro anajaribu spika, moja mbili, moja mbili,
nami nimebana pumzi kwa ajili ya kitu
ambacho sisimizi asingepita
hata angeuacha mzigo nje.

Kwenye la mia na tisini umeme ukakatika.
Biti imo ndani ya mti, imeuma.
Karakana zote zikanyamaza kwa pamoja
nikamsikia mtu akiwalaani watu wa umeme
taratibu, kama anayevuta uradi.
Nikaizungusha kwa vidole, kinyume, kinyume,
kama unavyomtoa mwiba mtoto aliyelala.
Ikatoka nzima.

Yaliyobaki nikayatoboa kwa mkono,
biti kwenye kishikio cha fundi saa,
taa ya simu nimeibana kwa kidevu.
Na hapo, kidole gumba kimekufa ganzi,
nikatoboa pasipo na alama.
Katikati ya jani. Mbali na kila mstari.
Kwenye mti unaobaki.

Ningeliziba: vumbi la mninga, gundi, msasa, kwisha.
Ligombi angeliziba.
Nilikwisha kuchota vumbi kwa ncha ya kisu.
Kisha nikauinua ubao, nikaumulika kwa nyuma:
mia mbili na kumi na nne
yakingoja kukatwa yawe kitu kingine,
na moja limekwisha kuwa lenyewe.
Nikakikung'uta kisu.

Siku hizi nikiwa Temeke napita kwa Bi Mwamvua
hata kama si njia yangu.
Asumini yake imeshika moshi wa samaki wa kukaanga.
Matundu yale yote hayapo tena.
Jani la tatu kushoto, lipo:
kama limeliwa na mdudu mmoja mwenye adabu
aliyeonja, akatosheka.
Bi Mwamvua hajaliona.
Nasimama barabarani, nalitafuta kwanza,
ndipo nabisha hodi.